Milonge Kumi ya Ukuta wa Msikiti

Tabawa ni jina apewalo mtoto wa kike aliyezaliwa Jumatano, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuamini kwamba Iya Tabawa wa mji wa Dan Kalgo alizaliwa siku hiyo. Dada yake mkubwa, Kande, ambaye ndiye aliyetumwa kumwita mkunga na kwa hiyo alikuwa macho, ameshikilia mpaka uzeeni kwamba ilikuwa Alhamisi alfajiri, na kwamba baba yao alikosea siku kwa uchovu. Mwaka nao una kauli mbili: wengine husema ni ule kilipobomoka kisima cha sokoni, wengine ni uliofuata, kilipochimbwa kingine. Mwenyewe hakuona kwa nini watu wajisumbue. "Nilizaliwa," alikuwa akisema. "Anayetaka ushahidi anitazame."

Aliolewa na Mamman, msusi wa mikeka, akahamia nyumba iliyotazamana na msikiti wa Ijumaa. Chini ya ukuta wa msikiti, upande wa njia, mama mkwe wake alikuwa na safu ya milonge, na kila asubuhi alipukuchua majani yake, akayachemsha, akayakamua, akayachanganya na kulikuli iliyotwangwa, yaani yale machicha ya karanga yakishakamuliwa mafuta na kukaangwa, akatia chumvi, kitunguu na pilipili, akauza palepale chini ya miti. Mama mkwe alipofariki, Tabawa alirithi kigoda, sinia na mahali. Mamman alipofariki alirithi na nyumba, lakini akiulizwa ana nini duniani, alianza kutaja mahali.

Mahali penyewe palikuwa na adabu yake. Kando ya ukuta ulipita mfereji wa saruji. Mbele ya mfereji yalipangwa mawe ambayo wanaume walikalia wakitawadha. Nyuma ya mawe ndipo ulipokuwa ukanda wa milonge, na baada ya milonge, kigoda. Si heshima mwanamke kumtazama mwanamume anayeosha miguu. Kwa hiyo mama mkwe alikaa akiwa ameyapa mawe mgongo, akitazama njia, na Tabawa akakaa vivyo hivyo. Kwa miaka thelathini na minane aliwajua wanaume wa Dan Kalgo kwa sura walipokuja na kwa kikohozi walipotawadha.

Kisha msikiti ukawa mdogo. Kamati iliamua kuusogeza ukuta hatua mbili kuelekea njiani, na milonge ya zamani ilikuwa ndani ya hatua hizo mbili. Tabawa hakubisha. Nyumba ya Mungu ikihitaji hatua mbili, alisema, yeye si mtu wa kuipimia. Aliomba jambo moja tu: baada ya ukuta, mfereji na mawe mapya, ukanda utakaobaki apande miti mingine.

Mtu aliyepinga alikuwa Alhaji Yero, mweka mikeka wa msikiti, ambaye tangu zamani alitaka pajengwe banda la kuwekea mikeka na mabirika. Yero ni Mfulani na Tabawa ni Mbarebari, na baina ya makabila haya mawili upo utani ambao hakuna anayekumbuka ulipoanza: kila upande humwita mwenzake mtumwa wake, huweza kumnyang'anya mwenzake kitu mbele za watu mpaka kikombolewe, na aliyenyang'anywa haruhusiwi kukasirika. Kikao cha kamati kilikwenda hivi.

"Kijakazi wangu anataka kiwanja," alisema Yero. "Kesho atataka mimbari."

"Mtwana wangu analia kama ndama aliyetengwa na chuchu," alisema Tabawa. "Mpeni maziwa anyamaze, watu wazima tuzungumze."

"Miti yenyewe iko wapi? Mimi naona vijiti kwenye vifuko."

"Na wewe ulipozaliwa ulikuwa na ndevu?"

Imamu, Malam Kasshimu, mtu mpole aliyependa kila neno liandikwe, aliwaacha wamalize sehemu hiyo, ambayo kwa desturi haiwezi kurukwa, kisha akatoa shauri. Tabawa apande. Asubuhi ya Idi, baada ya Ramadhani, kabla watu hawajaelekea uwanjani kuswali, miti ihesabiwe. Ikiwa kumi ni hai, ukanda ni wake kama ulivyokuwa wa mama mkwe wake. Ikipungua kumi, pajengwe banda.

"Hai maana yake nini?" aliuliza Yero. "Asije akanionyesha fimbo akasema imelala."

Walijadiliana kwa muda, wakaandika nyuma ya kalenda ya ukutani: mti hai ni wenye jani la kijani, wa majani manjano hauhesabiwi. Atakayehesabu ni Yero.

Tabawa alikubali. Yaliyokuwa hatarini aliyajua vizuri. Mwanawe, Laminu, seremala wa mji wa Maradi, alikwisha mwandalia chumba, na kila Ijumaa alipiga simu.

"Iya, chumba kipo tayari. Kina feni."

"Nitaiuzia nini hiyo feni?"

"Huna haja ya kuuza, Iya. Utapumzika."

"Kupumzika mpaka lini?"

Laminu alianza tena habari za feni. Lakini wote wawili walielewa kwamba mwanamke anayeuza majani asiyekuwa na mti wala mahali hana hoja ya kumkatalia mwanawe, na kwamba siku ya Idi angekuja na begi tupu la kubebea vitu vya mama yake.

Alipanda miche ishirini na mmoja, Ijumaa ya kwanza ya Rajabu. Kila mche aliuchimbia shimo pana lenye ukingo kama sahani, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wa Dan Kalgo wapandavyo kila kitu: katika nchi ambayo mvua huja miezi mitatu na kuondoka bila kuaga, hakuna anayeacha tone litiririke. Aliinywesha kila siku ya tatu, kibuyu kimoja kila mche, kama alivyofunzwa. Kwa wiki tatu ilikuwa kijani kiasi cha kumkera Yero, ambaye alisema milonge ya Wabarebari hujionyesha.

Wiki ya nne, majani ya chini yaligeuka manjano. Hayakunyauka wala kujikunja. Yalilegea tu, yakawa na rangi ya siagi, na yalipoguswa yakaanguka. Shaabani ilipoingia, manjano ilikwisha panda mpaka katikati ya shina.

Tabawa alikuwa mtu wa utaratibu. Aliamua kwamba kila dawa ijaribiwe kwenye miti yake peke yake, ili ijulikane ipi imefaa, akafunga nyuzi za rangi. Mitano aliitia samadi ya mbuzi iliyooza, akaifunga uzi mweusi. Mitano aliinyunyizia majivu dhidi ya wadudu, uzi mweupe. Kande alipokuja, alitazama na kutoa kauli yake bila kuulizwa.

"Hili ni jicho. Nani aliisifu miche?"

"Wewe."

"Mimi nilisema mashallah."

"Hukusema. Ulisema, 'Loo, miche hii!' ukaenda zako."

"Basi nilisema moyoni."

Mitatu ikafungwa uzi mwekundu wenye hirizi. Mitano mingine ilipata uzi wa buluu na dawa ya bwana shamba, aliyepita na pikipiki yake, akapiga magoti, akageuza jani moja mbele na nyuma kama mtu asomaye barua ya mwenziwe.

"Mama, njano ikianzia majani ya chini, ardhi imekosa chakula," alisema, akampa kopo la mbolea ya dukani.

"Na kama si chakula?"

"Basi ni maji hayatoshi. Ongeza."

"Na kama yamezidi?"

Bwana shamba alimtazama, akaitazama njia iliyojaa vumbi, akaitazama mbingu isiyokuwa na kitu tangu mwezi wa tisa. "Hapa, Mama?" alisema. "Maji yazidi hapa?" Akacheka kwa heshima, akawasha pikipiki.

Samadi na hirizi hazikufanya kitu. Majivu hayakufanya kitu. Mbolea iliharakisha. Kufikia mwisho wa Shaabani miche mitano ilikuwa imekufa, na kumi na mitatu ilikuwa manjano kiasi kwamba waumini walianza kusimama mbele yake wakitikisa kichwa. Mitatu tu ilikuwa kijani. Hiyo ilikuwa mwisho kabisa wa safu, karibu na mlango wa choo, na haikuwa na uzi wowote, kwa sababu nyuzi zilipogawanywa aliisahau.

Jambo hili lilimsumbua kuliko vifo. Alikwenda akachuchumaa mbele ya ile mitatu, akaipapasa ardhi yake: kavu, yenye nyufa, ngumu kama kigae. Akarudi kwenye mche mmoja uliokufa, akaung'oa. Mzizi wa mlonge mchanga ni mnene kama kidole, mweupe, na ukivunjwa hutoa harufu kali ya kupanda puani. Huu ulikuwa wa kahawia, laini, na ulinuka bwawa. Shimo lilipoachwa wazi, maji yalikusanyika ndani yake taratibu, bila aibu. Alikumbuka kwamba waashi walipojenga ukuta mpya walishindilia udongo wa mfinyanzi na mabaki ya chokaa kwa mwezi mzima. Maji yakiingia huko hayakuwa na pa kutokea. Lakini kibuyu kimoja kila siku ya tatu hakiwezi kufanya bwawa.

Alirudi kwenye kigoda, akaketi akiyapa mawe mgongo kama kawaida. Adhana ya alasiri ilikuwa imetoka, wanaume walikuwa wakitawadha, na yeye akawa anasikiliza sauti ambayo alikuwa ameisikia kwa miaka thelathini na minane bila kuisikiliza. Maji ya kuosha miguu huanguka kwenye saruji, yakapiga kofi. Kisha mtu huinuka, hugeuka, na hufuata sauti nyingine, nzito, fupi, ya maji yaangukayo kwenye udongo.

Aliweka karanga kwenye ukingo wa sinia. Kila alipoisikia sauti ya pili, alihamisha karanga moja upande wa pili. Mpaka swala ilipoanza, alihamisha karanga thelathini na moja. Magharibi alihamisha arobaini na nne. Kila aliyetawadha alimimina mabaki ya birika lake kwenye mti ulio nyuma ya jiwe lake, kwa kuwa maji ya udhu hayatupwi ovyo, na kuunywesha mmea ni sadaka. Milonge ya zamani, yenye mizizi ya kufika Maradi, ilikunywa sadaka hiyo miaka yote na haikulalamika. Na kadiri miche hii ilivyozidi kuwa manjano, ndivyo watu walivyozidi kuionea huruma. Isipokuwa ile mitatu ya karibu na choo, ambako hapakuwa na jiwe, na ambako hakuna mtu angepeleka maji ya udhu.

Katika sauti zile moja ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilianza kwa bismillahi, ikaendelea kwa kikohozi, na haikuwa ya mabaki. Ilikuwa karibu ya birika zima. Kikohozi kilikuwa cha Alhaji Yero.

Tabawa alikwenda kwa Malam Kasshimu, akaeleza kila kitu kwa mpangilio, na karanga akabeba.

"Iya," alisema imamu baada ya kufikiri, "hawa watu wanatafuta thawabu. Nitawaambiaje waache sadaka?"

"Sisemi waache sadaka, Malam. Nasema waache maji."

"Lakini sadaka yenyewe ndiyo maji."

"Basi waambie imenifikia. Waambie Tabawa ameshiba."

Malam Kasshimu hakuwa mtu wa kukurupuka. Alisema upo uzito katika pande zote mbili: kufuja maji kumekatazwa hata kwa anayetawadha mtoni, na kuunywesha mmea kumehimizwa, sasa, ni nani aliyeandika kuhusu mmea unaodhurika kwa kunyweshwa? Angetazama vitabu. Ilikuwa imebaki siku mbili Ramadhani iingie.

Ramadhani iliingia na joto, na katika mwezi huo, kama kila Mwislamu ajuavyo, tendo jema huongezewa ujira. Siku ya kwanza Tabawa alihesabu karanga sabini na tisa, bila tarawehe. Siku ya pili karanga zilimwishia.

Siku ya tatu, kabla ya alasiri, alifanya jambo ambalo mama mkwe wake hakulifanya maisha yake yote: alikigeuza kigoda, akaketi akiyatazama mawe. Wanaume walikunjua suruali zao kwa haraka kufunika miguu. Wawili waliondoka kwenda kutawadha nyumbani. Yero alibaki, alikuwa amekwisha osha mguu mmoja, na si mtu wa kukimbizwa na kijakazi wake. Alimaliza wa pili, akainuka, akasema bismillahi, akakohoa, akaanza kumimina.

Birika lenyewe lilijulikana mji mzima. Lilikuwa la enameli nyeupe, alilorudi nalo kutoka hija, na chini yake lilikuwa na tundu ambalo mhunzi aliliziba kwa nta mara tatu. Kwa kuwa maji hayakukaa ndani yake zaidi ya kitambo, Yero hulijaza kabisa kila mara ili yasimwishie njiani, na hulimimina lote kila mara ili yasivujie mkekani.

"Mtwana," alisema Tabawa, "unafanya nini?"

"Nanywesha mti wa kijakazi wangu. Au nao umefunga?"

"Si wewe unayetaka ukauke ujenge banda?"

"Banda nalitaka," alisema Yero, akiendelea kumimina. "Nalitaka sana. Lakini mti una kiu mbele ya macho yangu. Nifanye nini, nisubiri Kiyama niulizwe?"

Tabawa alimtazama kwa makini, akaona kwamba anasema kweli. Hilo lilikuwa baya zaidi. Adui angeshtakiwa kwa kamati. Huyu alikuwa akimwombea dua.

"Una kiu, wasema?"

"Tazama ulivyo manjano. Hata kipofu ataona."

Alisimama, akapita kati ya miche, akamnyang'anya birika mkononi. "Nimeliteka," alisema.

Mawe yote yalicheka. Yero aliishika hewa mahali lilipokuwa birika, akatazama kulia na kushoto kutafuta shahidi wa kumsaidia, hakupata. "Haya," alisema hatimaye. "Mbarebari hata saumu haimzuii kuiba. Nitalikomboa kwa kokwa za kola baada ya futari."

"Kola tafuna wewe. Litakombolewa Idi."

"Idi! Nitatawadhia nini?"

"Mko wangapi hapa? Azima."

Hakuruhusiwa kukasirika, na hakukasirika. Kuanzia siku hiyo alitawadha kwa mabirika ya kuazima, na mtu aliyeazima birika hupewa maji nusu, huosha kila kiungo mara tatu kwa hesabu, na haachi tone.

Nyuma ya jiwe la Yero palikuwa na miche miwili. Mmoja Tabawa aliukuta umeoza mizizi yote. Shina lilikuwa bado zima juu. Alilikata kiasi cha urefu wa mkono. Birika lilikuwa limekaa nyumbani kwake bure, na hakupenda chombo kikae bure, kwa hiyo aliitoa nta chini, akalijaza mchanga mkavu, akachomeka kile kijiti ndani, akaliweka kivulini. Mche wa pili aliuacha palepale, na aliubomoa ule ukingo wa sahani.

Siku ya kumi na tatu ya Ramadhani mche huo ulitoa jani jipya juu ya yale manjano. Lilikuwa la kijani. Waliokaa mawe ya jirani waliliona kabla ya Tabawa, kwa kuwa walikuwa na muda mrefu wa kulitazama.

"Huu haunyweshwi na mtu," alisema mmoja.

"Na ndio unaopona," alisema mwingine.

"Ajabu," alisema Yero, akikung'uta tone la mwisho la birika lisilo lake.

 Watu kadhaa waliyatazama mabirika yao. Siku iliyofuata Malam Kasshimu alitoa jibu lake baada ya darsa ya alasiri: amekuta kauli nne, na iliyo karibu zaidi na haki ni kwamba sadaka hukabidhiwa kwa mwenyewe, naye ndiye ajuaye haja yake. Tabawa alileta mtungi mkubwa wa mama mkwe wake, akauweka mwanzo wa safu. Tangu hapo mabaki yakamiminwa mtungini. Bado walikuwapo waliomimina mtungini na kisha, wakipita, wakaukung'utia mche mkono uliolowa. Kwa matone hayo hakuwa na ugomvi.

Ilikuwa imechelewa kwa mingi. Siku ya Idi Laminu alifika alfajiri na begi tupu, akamsalimia mama yake, akaliweka begi mlangoni bila kusema ni la nini. Wanaume walikusanyika njiani wakiwa na majoho yaliyopigwa pasi, takbira zikisikika kutoka kila upande. Malam Kasshimu alishika kalenda. Yero alianzia upande wa choo.

"Mmoja. Miwili. Mitatu." Hiyo haikuwa na mjadala. Aliendelea taratibu, akiinama kila penye jani, akiligeuza, akilirudisha. Palipokuwa na kijiti kikavu alikipita bila kukitaja, na alikipita kwa ukimya, jambo ambalo Tabawa alilizingatia. "Minne. Mitano. Sita. Saba." Jani moja lilikuwa na ncha ya manjano; alilishika muda mrefu. "Nane," alisema. Alifika nyuma ya jiwe lake mwenyewe, kwenye mche uliopona. "Tisa."

Baada ya hapo palikuwa na shimo moja tu la mwisho. Ndani ya shimo, limezikwa mpaka shingoni, mdomo wake umetokeza kwa pembeni kama bata anayeogelea, lilikuwa birika la enameli nyeupe. Juu yake palisimama kijiti chenye vitawi vitatu, na kila kitawi kilijaa vijani vidogo vya mviringo, kijani kisichokuwa na doa.

Yero alichuchumaa.

"Hili ni birika langu."

"Ndilo," alisema Tabawa.

"Leo ni Idi. Ulisema nitalikomboa leo."

"Kola umeleta?"

Alitoa kola sita kutoka mfuko wa joho. Alikuwa amezileta kweli. Tabawa alizipokea kwa mikono miwili. "Mali yako," alisema. "Lichukue."

Yero alilishika birika kwa mpini. Kisha akatulia. "Kuna mti ndani."

"Upo."

"Nikilitoa?"

"Miti itakuwa tisa."

Takbira zilisikika kwa mbali. Laminu alilitazama begi lake. Yero alikuwa amelitaka lile banda kwa miaka minne, alikuwa amelibeba lile birika kutoka Makka mapajani ili lisipondeke, na vyote viwili sasa vilikuwa kwenye mpini mmoja. Hakuhitaji zaidi ya kuuvuta. Aligeuza jani moja, mbele na nyuma. Akaligeuza la pili, ingawa la kwanza lilikuwa limetosha. Aliuachilia mpini, akainuka, akakung'uta udongo kwenye joho.

"Kumi," alisema. "Malam, andika. Na andika kwamba Wabarebari ni wezi."

Malam Kasshimu aliandika kumi. La pili hakuliandika, lakini aliitikia kwa kichwa, na watu wakaenda kuswali.

Laminu alirudi Maradi na begi lililojaa majani makavu ya mlonge kwa ajili ya mkewe. Chumba kipo, na feni inafanya kazi. Mvua ziliponyesha mizizi ililipasua birika, mhunzi akaitwa, akalikata kwa patasi, akasema hili sasa haliwezi kuzibwa kwa nta. Nusu yake bado inaonekana chini ya shina, nyeupe. Tabawa alikirudisha kigoda kama kilivyokuwa, akiyapa mawe mgongo, na mikeka bado inawekwa mahali ilipowekwa zamani. Alhaji Yero hutawadha mpaka leo kwa birika la kuazima. Akimaliza hukohoa, hupita mbele ya sinia kununua majani ya asubuhi, na husema:

"Kijakazi, birika langu halijambo?"

"Halijambo, mtwana. Limetoa maua."